Modeli inayosimamia leza ikianza kukosea: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Modeli ninayoizungumzia ni programu ya akili bandia inayokagua kazi ya leza ya kuchomelea au kuchapisha metali. Haioni metali. Inaona namba tu. Namba hizo zinatoka kwenye fotodayodi zinazopima mwanga unaorudi kutoka kwenye metali iliyoyeyuka, au kamera inayotazama dimbwi la metali kupitia lenzi ileile unamopita mwale, pengine na kipaza sauti pembeni. Kabla hazijaifikia modeli zimepita kwenye vioo, vichujio, nyaya na saa. Kwa hiyo ikianza kukosea, kosa linaweza kuwa limeingia popote njiani, na kwa kawaida limeingia kabla ya modeli yenyewe.

Ndiyo maana sipendi haraka ya kuifunza upya kila inapolalamika. Ukiifunza kwa data iliyokusanywa kioo cha kinga kikiwa kichafu, itajifunza kwamba uchafu ndiyo hali ya kawaida. Kengele zitanyamaza, na vipande vibovu vitapita kwa amani.

Kuna vitu viwili ambavyo bila hivyo mwongozo huu hautakufaa. Cha kwanza ni ishara ghafi, yaani namba kama zilivyotoka kwenye vihisi, si alama ya mwisho ya "nzuri" au "mbovu" peke yake. Cha pili ni kipande cha rejea: bamba la metali ileile, unene uleule, lililosafishwa kwa namna ileile, linalochomwa kwa vigezo visivyoguswa kila zamu inapoanza. Asiye na kipande cha rejea anapiga ramli, maana hana namna ya kujua kama kilichobadilika ni kazi au ni mashine.

Na neno moja la usalama. Leza nyingi za kazi hizi ni za daraja la 4, lile la hatari zaidi, na mwanga wa leza za faiba, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1070, hauonekani kwa macho. Ukitaka kufungua kichwa cha leza utazame kioo, zima chanzo na ukifunge kwa kufuli. Swichi inayozima leza mlango ukifunguliwa haizibwi kwa sababu yoyote.

Kwenye kompyuta ilipata asilimia 99, kwenye mashine inabahatisha

Uliza kwanza seti ya majaribio iligawanywaje. Mshono mmoja wa kuchomelea unaweza kutoa mamia ya fremu, yaani picha za kamera, na fremu jirani zinafanana kama pacha. Ukizichanganya zote na kuchota sehemu bila mpangilio, fremu za mshono uleule zitakuwa upande wa mafunzo na upande wa majaribio pia. Modeli inaukumbuka mshono na kuonekana hodari. Gawa kwa kipande kizima, au bora zaidi kwa siku na kwa bechi ya malighafi: vipande vya bechi fulani vyote viwe mafunzo, vya bechi nyingine vyote viwe majaribio. Asilimia itashuka. Hiyo iliyoshuka ndiyo ya kweli.

La pili ni hesabu ya kasoro adimu. Tuseme katika mistari 1,000 ya leza, mmoja tu ndio mbovu. Modeli inakamata asilimia 99 ya mibovu na inaitambua vyema asilimia 99 ya mizuri. Sikiliza kengele zake: moja ya kweli, na karibu 10 za bure. Mwendeshaji atazizoea baada ya muda mfupi na kuanza kuzipuuza. Na modeli isiyofanya lolote, inayosema "nzuri" kila mara, ingepata usahihi wa asilimia 99.9. Kwa hiyo takwimu ya usahihi wa jumla iweke kando. Angalia mambo mawili: kati ya kengele zilizolia, ngapi zilikuwa za kweli, na kati ya kasoro zilizokuwepo, ngapi zilikamatwa.

La tatu ni njia ya mkato. Vipande vibovu vya mafunzo mara nyingi hutengenezwa kwa makusudi, vyote siku moja, kwa kupunguza nguvu ya leza. Modeli inaweza kujifunza mwangaza wa siku ile, au namba ya mahali kipande kilipowekwa, badala ya kasoro yenyewe. Chora ramani ya joto inayoonyesha ni pikseli zipi zilizoamua jibu. Ikiwaka kwenye kona ya picha badala ya dimbwi la metali, umeshajua.

Kengele zinaongezeka kidogo kidogo, siku hadi siku

Hii ndiyo dalili ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu hapa mara nyingi modeli ndiyo inayosema kweli.

Choma kipande cha rejea, kisha linganisha ishara ghafi za leo na za siku ambayo kila kitu kilikuwa sawa, chaneli kwa chaneli. Mifumo mingi ya fotodayodi ina chaneli tatu: mwanga unaoonekana kutoka kwenye mvuke unaowaka, mwanga wa leza uliorudi bila kufyonzwa, na mionzi ya joto iliyo juu ya urefu wa wimbi wa leza.

Chaneli zote zikiwa zimeshuka kwa kiwango kinachokaribiana, mtuhumiwa wa kwanza ni kitu kinachoziba njia ya pamoja, yaani kioo cha kinga kilicho mbele ya lenzi. Kioo hicho kinakula mara mbili: kinapunguza nguvu inayofika kwenye metali, na kinapunguza mwanga unaorudi.

Ikishuka moja tu, nyingine zikibaki palepale, acha kioo, fuata kihisi hicho, kichujio chake, kiunganishi chake na waya wake.

Ukiona uwiano kati ya chaneli ndio uliobadilika, tuseme mwanga wa leza unaorudi umepanda huku mionzi ya joto imeshuka, basi kazi yenyewe imebadilika. Mwale unapochimba tundu refu la mvuke ndani ya metali, mwanga hunaswa humo kwa kugongagonga kuta. Tundu likiwa fupi, mwanga mwingi zaidi hurudi juu. Maana yake nishati inayoingia imepungua, au doa la mwale, yaani alama ya mwanga pale unapogusa metali, limetanuka.

Hapo ndipo pa kushuku lenzi iliyopata joto. Kioo chenye vumbi au matone ya metali hufyonza sehemu ya mwale, hupata moto katikati kuliko pembeni, na kuanza kufanya kazi ya lenzi ambayo hakuna aliyeiweka. Fokasi, yaani mahali mwale unapokusanyika, husogea, kwa kawaida kuelekea kichwa cha leza. Jaribio lake ni rahisi. Mashine ikiwa imepumzika na kupoa, choma mstari mfupi kwenye bamba la rejea. Endesha kwa nguvu kamili dakika kadhaa, kisha choma mstari uleule mara moja. Acha ipoe, choma wa tatu. Wa kwanza na wa tatu ikifanana, wa pili ukawa tofauti, chanzo ni joto la lenzi na hakuna haja ya kumwita mtu wa data.

Kiasi cha fokasi kusogea kinachotosha kuharibu kazi kinategemea doa. Kwa mwale safi wa nanomita 1070 wenye doa la kipenyo cha mikromita 50, unahitaji kusogea karibu milimita 1.8 ndipo eneo la doa liwe maradufu. Doa likiwa la mikromita 20, milimita 0.3 zinatosha. Ndiyo maana mashine ya kazi nyembamba hulalamika mapema wakati jirani yake anavumilia uchafu uleule.

Tiba: badilisha kioo, kagua hewa inayopuliza kando kuzuia matone, rudia kipande cha rejea. Ishara zikirudi mahali pake, modeli haikuwa na kosa na haihitaji kuguswa.

Kengele zimeanza ghafla

Badiliko la ghafla lina tarehe, na tarehe ina kumbukumbu. Tafuta kilichofanyika kati ya zamu ya mwisho iliyokuwa nzuri na ya kwanza iliyoharibika: bechi mpya ya malighafi, kihisi kilichobadilishwa, kikuza ishara kilichoguswa, programu ya kamera iliyosasishwa.

Nikitakiwa kutaja mtuhumiwa mmoja bila kuuliza chochote, nitataja kamera iliyowashiwa mwangaza wa kujirekebisha. Kamera ya aina hiyo ikiona dimbwi limekuwa jeupe zaidi hupunguza muda wa kupokea mwanga, na tofauti uliyotaka kuipima inapotea kabla haijaandikwa. Muda huo ufungwe kwa mkono na uandikwe pamoja na kila fremu.

Upande wa malighafi, angalia uso kabla ya kemia. Chuma kilichopakwa zinki ni mfano mzuri: zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, mbali sana chini ya kiwango ambacho chuma huyeyuka, kwa hiyo tabaka nene kidogo au mwanya uliobana kati ya bamba mbili hulipua mvuke na kurusha matone. Shaba nayo, ikiwa baridi na inang'aa, hufyonza takriban asilimia 5 tu ya mwanga wa karibu mikromita 1. Mafuta au oksidi kidogo juu yake hubadilisha kabisa namna mshono unavyoanza. Modeli iliyofunzwa kwa bechi moja itaona vyote hivyo kama kasoro, na huenda ni kasoro kweli. Kata kipande, kingarishe, tazama kwa hadubini kabla ya kuamua nani mwongo.

Kasoro zinapita bila kuonekana

Hapa kuna sababu nyingi, na nazipanga kwa bei: anza na isiyogharimu kitu.

Piga hesabu ya mwendo. Mwale unaokwenda mita 1 kwa sekunde, ukitazamwa na kamera ya fremu 1,000 kwa sekunde, husogea milimita 1 kati ya fremu na fremu. Kishimo cha ndani cha mikromita 50 kinazaliwa na kufunikwa katikati ya fremu mbili. Fotodayodi inayosomwa mara 100,000 kwa sekunde inapata somo kila mikromita 10. Hakuna modeli, hata ya mtandao wa neva, itakayoona kitu ambacho kihisi hakikukiandika.

Kisha tazama kama ishara imefurika. Katika kamera ya biti 8, hesabu pikseli zenye 255, kiwango chake cha juu kabisa. Kama katikati ya dimbwi yote ni 255, modeli inaona umbo la dimbwi lakini imekwisha kupoteza joto lake. Punguza mwanga kwa kichujio au fupisha muda wa fremu. Kusahihisha kwa programu baada ya hapo hakuwezekani.

Sasa saa. Kumbukumbu ya kidhibiti cha leza na kumbukumbu ya vihisi zikipishana kwa milisekunde 5, kwa mwendo uleule wa mita 1 kwa sekunde lebo, yaani alama ya "nzuri" au "mbovu" inayofundishiwa modeli, imeangukia milimita 5 mbali na kasoro. Modeli imefundishwa kuiita metali nzuri mbovu, na mbovu nzuri. Ili kuhakiki, panga mstari ambao leza inazimwa kwa makusudi kwa milisekunde 2 katikati. Kwenye bamba utaona pengo, kwenye ishara utaona bonde. Pima pengo liko umbali gani kutoka mwanzo wa mstari, kokotoa bonde liko wapi, linganisha. Fanya hivyo mwanzoni na mwishoni mwa kazi ndefu, kwa sababu saa mbili zisizofungwa pamoja huachana polepole hata kama zilianza sawa.

Lebo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Watu wengi hupata lebo kwa kupiga kipande kilichokamilika picha za eksirei za pande zote, kisha kurudisha kila kishimo kwenye wakati wake. Njia hiyo ina mipaka miwili. Kishimo kidogo kuliko nukta ndogo kabisa ya picha hakionekani, kwa hiyo mahali hapo pameandikwa "pazuri". Na katika uchapishaji wa tabaka kwa tabaka, ambako leza huyeyusha unga wa metali, tabaka la juu huyeyusha tena la chini, hivyo kishimo kilichozaliwa kweli kinaweza kufutika kabla hujakipiga picha. Modeli ilisema ukweli, lebo ikaikana. Watafiti waliotumia sinkrotroni, mtambo mkubwa wa kutoa eksirei kali, ya Argonne nchini Marekani, na kuchapisha kazi yao katika jarida la Science mwaka 2023, waliepuka hili kwa kutazama tundu la mvuke kwa eksirei papo hapo huku kamera ya joto ikirekodi kazi ileile, kisha wakaifundisha modeli kusoma picha za joto pekee. Si kila karakana ina sinkrotroni, lakini kanuni inafaa kwa wote: lebo inayopatikana karibu na tukio ina thamani kubwa kuliko lebo nyingi zilizopatikana baadaye.

Tena, usitie vishimo vyote kapu moja. Kuna mapovu yanayotokana na nishati kuzidi, tundu la mvuke linapobanwa na kufungia gesi chini. Na kuna mianya inayotokana na nishati kupungua, unga au bamba lisipoyeyuka vya kutosha. Ya kwanza ni ya mviringo, ya pili ina kona kali na mara nyingine unga usioyeyuka ndani yake. Ishara zao zinakwenda pande tofauti. Modeli iliyopewa lebo moja, "kishimo", inalazimika kujifunza kwamba juu na chini ni kitu kimoja, na ikishirikiana na kidhibiti haitajua iongeze nguvu au ipunguze. Zitenganishe hata kama utabaki na mifano michache kwa kila aina.

Kengele zinalia mahali palepale pa kila kipande

Zungusha kipande nyuzi 180 mezani, au badilishana nafasi za vipande viwili, ubaki na vigezo vilevile. Kengele ikihama na kipande, chanzo ni umbo: ukuta mwembamba unaoshindwa kupitisha joto, kona ambako vioo vya skana, vinavyoelekeza mwale, vinapunguza mwendo huku nguvu ikibaki juu. Ikibaki mahali pake mezani, chanzo ni mashine.

Ikiwa ni mashine, kuna wawili wa kuhojiwa. Wa kwanza ni lenzi ya skana. Imetengenezwa kwa ajili ya wimbi la leza, lakini mwanga unaorudi una mawimbi mengine, na kila wimbi hupindwa kwa kiwango chake. Katikati ya meza kihisi kinatazama dimbwi sawasawa. Pembeni kinatazama kando yake. Ishara inashuka ukingoni bila kasoro yoyote. Choma mistari inayofanana meza nzima kwenye bamba tupu, tengeneza ramani ya wastani wa ishara kwa kila nafasi, gawanya ishara za kazi kwa ramani hiyo kabla hazijafika kwa modeli. Usiipe modeli nafasi ya X na Y ikitegemewa ijitambulie yenyewe. Hiyo ndiyo njia ya mkato tuliyoitaja juu.

Wa pili ni moshi. Gesi ya kinga hupita juu ya meza kutoka upande mmoja, na vipande vya upande inakotokea na moshi hupata mwale uliopungua nguvu na matone yaliyoangukia unga. Ramani ya bamba tupu ikiwa safi lakini kazi ya unga ina kengele upande huo tu, safisha vichujio vya gesi, pima mtiririko, na panga mpangilio wa kuchoma uanzie upande ambako gesi hutoka na moshi, uelekee ambako gesi huingilia, ili moshi usielekee kwenye unga ambao bado haujachomwa.

Nguvu inapanda na kushuka bila kutulia

Modeli inapoacha kutazama tu na kuanza kuongoza, kosa jipya linaingia: kuchelewa. Jumlisha muda wa kusoma fremu, kuisafirisha, modeli kujibu na leza kutii. Ikiwa jumla ni milisekunde 20, kwa mita 1 kwa sekunde mwale umeshasogea milimita 20. Amri ya kupunguza nguvu inafika mahali ambapo pengine ilipaswa kuongezwa, na mzunguko unaanza kuyumba. Zima mrejesho, choma mstari uleule kwa nguvu isiyobadilika. Ishara ikitulia, mtikisiko ni wa kidhibiti.

Punguza ukali wa kidhibiti kwanza. Isipotosha, usilazimishe marekebisho ya papo hapo: sahihisha tabaka linalofuata kwa yale uliyoyaona kwenye lililopita, au kokotoa mapema upunguzaji wa nguvu kwenye kona kutokana na njia ya mwale yenyewe. Na kwa kila hali weka mipaka ya nguvu ya juu na ya chini nje ya modeli, kwenye kidhibiti cha kawaida.

Algorithimu inapendekeza vigezo vya ajabu

Ukitumia algorithimu inayotafuta vigezo bora kwa majaribio machache, nayo ikakimbilia ukingo wa eneo uliloipa itafute, kwanza kagua unachokipima. Ukiiambia itafute kina kikubwa tu, itachimba bila kujali ukingo uliochomeka. Pili, rudia jaribio moja mara kadhaa bila kubadilisha kitu. Kama matokeo yanatofautiana kuliko faida inayodaiwa, inafukuza kelele.

Kwa leza za femtosekunde, zile za mapigo mafupi mno, kuna mtego wa ziada: kizingiti cha kuondoa metali hushuka kadiri mapigo yanavyorudiwa mahali pamoja. Data ya pigo moja haitabiri kazi ya mapigo mia. Idadi ya mapigo yanayopandana iwe kigezo ndani ya modeli.

Mwisho hakiki doa lenyewe, kwa sababu msongamano wa nishati wote unakokotolewa kutoka kwake. Piga vishimo vya pigo moja kwa nishati tofauti, pima vipenyo kwa hadubini, chora mraba wa kipenyo dhidi ya logi asilia ya nishati. Utapata mstari ulionyooka, na mteremko wake ni mara mbili ya mraba wa nusu kipenyo cha doa. Namba hiyo ikitofautiana na iliyoandikwa kwenye faili la data, kokotoa upya msongamano wa nishati wa majaribio yote yaliyopita kabla ya kuiruhusu algorithimu ipendekeze lingine.